Ofisi Ukutani: Paleti, Jinzi Kuukuu na Karatasi Zisizo na Makao

Godoro ndilo kabati la kwanza la nyaraka katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam. Inua pembe moja utakuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkataba wa pango, kadi ya kliniki, na bahasha ya kaki ambayo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka ina nini. Kinachozidi hapo huingia kwenye begi lililo juu ya kabati la nguo, au katikati ya kurasa za Msahafu na Biblia, mahali ambapo karatasi huaminika kuwa salama kwa kuwa hakuna mkono utakaothubutu kuichana. Utaratibu huo ulitosha wakati karatasi za kaya zilikuwa chache na kazi ikifanyikia kwingine. Siku hizi chumba hicho hicho cha kulala ndicho duka, ndicho darasa, ndicho kituo cha miamala, na karatasi zake huzaliana kila uchao.

Wengi husema ofisi za nyumbani zililetwa na Korona. Ni kweli kwamba Machi 2020, serikali ya Kenya ilipowataka waajiri wawaruhusu watu wao kufanyia kazi nyumbani, makarani wengi walibeba kompyuta zao wakazitua juu ya meza ya chakula. Lakini fundi cherehani wa barazani, mwalimu wa masomo ya jioni, mama anayeuza vitenge kwa WhatsApp na mwenye bajaji mbili alizokabidhi vijana walikuwa na ofisi nyumbani miaka mingi kabla ya hapo. Walichokosa ni samani. Kabati la mafaili la chuma lina bei, lina uzito, na halipiti kirahisi kwenye korido ya nyumba yenye wapangaji sita. Likishapita, litasimama wapi?

Chukua chumba cha kawaida cha futi 10 kwa 10. Sakafu yake ni futi za mraba 100, na kitanda cha tano kwa sita peke yake kimekwishameza 30. Kuta zake nne, zikiwa na kimo cha futi 9, zina futi za mraba 360. Toa mlango, toa dirisha, toa upande ulioegemewa na kabati. Bado linabaki eneo kubwa kuliko sakafu nzima, nalo limebebeshwa kalenda ya duka na picha moja ya harusi. Hapo ndipo ninapotaka tutazame wikiendi hii: ubao wa ukutani wenye mifuko, vibanio na kulabu, uliotundikwa juu ya meza ya kazi, uliotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika kwa shughuli nyingine, ili kila karatasi iwe na makao na ionekane ilipo.

Kuupa ukuta kazi ya kutunza vitu si jambo geni huku kwetu. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, chumba cha ndani kilikuwa na ukuta mzima wa vidaka, au zidaka kama wenyewe wanavyoviita, vilivyochongwa safu juu ya safu kwenye lipu ya chokaa. Humo walipanga vyombo vya kauri vilivyokuja na majahazi kutoka Uchina, vitabu na vitu vya thamani vya nyumba. Jikoni, chungu cha mchuzi kilining'inizwa kwenye susu, ule wavu wa kamba unaoshuka kutoka darini, kisifikiwe na panya wala siafu. Waliojenga nyumba zile walielewa kwamba kitu kilichowekwa chini hupotea au huharibika, na kitu kilichopewa nafasi yake ukutani hukaa, huonekana, na huulizwa kikikosekana. Tulipohamia nyumba za tofali za saruji, kuta zikawa nyembamba na tambarare, nasi tukasahau kuziagiza kazi.

Wala kugeuza kitu kilichochoka kuwa kitu kipya si fasheni tuliyoletewa. Koroboi ilitokana na kopo. Katambuga zilikatwa kwenye tairi la gari. Kule Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali wamekuwa wakifua mapipa ya chuma kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni kwa vizazi. Ndiyo maana huniuma kuona mbao mpya, zilizotoka mti mzima msituni, zikikwaruzwa na kupakwa rangi za kufifia ili zionekane kuukuu, kisha ziuzwe kwa bei ya juu kuliko meza ya mninga. Kuukuu ya kweli imejaa mitaani, na fundi wa kuigeuza yupo jirani.

Lakini kabla ya kugusa nyundo, anza na karatasi. Hili ndilo neno langu kubwa, na ndilo ambalo watu hulipita mbio kwa sababu kupiga misumari kuna raha kuliko kupanga. Tandika mkeka, mwaga kila karatasi ya nyumba, kisha shika moja moja ujiulize: nitaihitaji tena lini? Usiulize inahusu nini. Ukizipanga kwa mambo yanayohusika (shule, kodi, hospitali, maji) utamaliza na mafungu kumi na tano na ukuta usiotosha. Ukizipanga kwa wakati, mafungu huwa manne tu. Kuna zinazosubiri kufanyiwa kitu wiki hii: ankara ya maji, fomu ya mtoto ya kusainiwa, oda ya mteja. Kuna za mwezi, hasa risiti za manunuzi na mauzo zinazosubiri kuingizwa kwenye daftari. Kuna zenye tarehe ya kufa, kama bima, leseni na vibali. Na kuna za kudumu: vyeti, hati ya kiwanja, mikataba.

Fungu la nne halipandi ukutani kamwe. Hati na vyeti vikae kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya kisanduku kinachofungwa, na nakala zake zihifadhiwe kwa picha mahali pengine. Ukuta ni wa karatasi zinazopita. Uone kama kituo cha daladala: karatasi hushuka, hungoja kidogo, huondoka kwenda inakokwenda. Karatasi iliyokaa ukutani miezi mitatu imepotea njia, isipokuwa nakala za fungu la tatu zinazongoja mwezi wake.

Fungu la tatu ndilo linaloleta hasara ya fedha taslimu, na ndilo ambalo mafaili ya kawaida hayalisaidii. Mwenye bajaji ana bima ya chombo, leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na leseni ya dereva wake. Kila moja inakwisha kwa tarehe yake, na hakuna inayobisha hodi kabla ya kwisha. Ikiwa ndani ya faili, itakumbukwa siku chombo kitakaposimamishwa barabarani. Dawa yake ni rahisi kuliko programu yoyote ya simu niliyowahi kuitumia. Nyosha waya kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, panga vibanio vya nguo 12, andika Januari hadi Desemba kwa kalamu ya wino mzito. Kila karatasi inayokwisha muda, toa nakala yake uibane kwenye mwezi unaotangulia ule wa kuisha. Bima inaisha Septemba? Nakala inakaa Agosti. Mwezi ukianza, kilichobanwa hapo ndicho cha kushughulikia. Waya wenyewe unaweza kutoka kwenye henga iliyokunjuka, na vibanio vya mbao vilivyokatika springi hutengenezeka kwa kubadilishana vipande.

Ukishajua una mafungu gani na kila fungu lina unene gani, vipimo vinajileta vyenyewe. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Mfuko wake uwe na upana wa sentimita 24, ili vidole vipite pembeni, na uso wa mbele uishie kwenye kimo cha sentimita 18 au 20, ili kichwa cha karatasi kibaki nje kikisomeka. Mfuko unaoifunika karatasi yote ni godoro lililosimama. Kina cha sentimita 4 kinatosha. Ukikiongeza utakaribisha rundo. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi, maana yake karatasi 200 ni kilo moja, na rimu nzima ya 500 ni kilo mbili na nusu. Hesabu hiyo itakufaa tutakapofika kwenye kutundika.

Sasa vifaa. Nitakawia kwenye paleti kwa sababu ndiyo inayotafutwa sana na ndiyo inayohitaji macho zaidi. Ni yale majukwaa ya mbao ambayo mizigo hupangwa juu yake ili foklifti iinue. Utayaona nje ya maghala ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, Shimanzi kule Mombasa, na popote penye kiwanda. Yakichoka huuzwa kwa bei ya kuni au hutolewa bure kwa anayeomba kwa adabu. Muulize mlinzi kwanza, kwani paleti iliyolala nje si lazima iwe imetupwa. Nyingi hurudishwa kwa wenyewe.

Paleti inayosafiri kimataifa lazima itibiwe isibebe wadudu wa mbao kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa kanuni inayojulikana kama ISPM 15. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: mchoro wa shuke la ngano pamoja na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi, kisha alama ya tiba. HT maana yake mbao zimepashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Hiyo chukua. MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu inayoharibu pia tabaka la ozoni, na ambayo Itifaki ya Montreal imeibana hadi ikabaki kwa matumizi machache kama hayo ya karantini. Wapo mafundi wanaosema gesi ilikwisha kuruka zamani na mbao haina neno. Mimi naiacha, maana ubao huu utakaa sentimita chache kutoka kwenye pua yangu kila siku, na paleti za HT hazijaadimika. Isiyo na muhuri kabisa inaweza kuwa ya safari za ndani tu na isiwe na tatizo, lakini itazame madoa. Mbao iliyokunywa mafuta machafu au dawa ya shambani haisafishiki kwa msasa. Inuse, na kama ina harufu kali usiyoijua, ipite.

Kuivunja paleti ni kazi inayowachosha wengi hadi wanakata tamaa. Ile ya kawaida ya Ulaya, ya sentimita 120 kwa 80, ina misumari 78, na mingi ina mikunjo inayong'ang'ania. Ukiingiza mtaimbo na kubetua kwa nguvu, ubao unapasuka kwenye matundu ya misumari. Afadhali uchomeke msumeno wa chuma kwenye mwanya kati ya ubao na gogo lake, uikate misumari yenyewe, vichwa vibaki vimezama mbaoni. Vitabaki vidoa vyeusi vya kutu, na hivyo ni vizuri mno kwa macho yangu. Piga msasa kufuata nyuzi, kwanza mkali kisha laini, hadi mkono upite bila kuchomwa na kibanzi. Watoto watakuwa wanachomoa karatasi hapo.

Umbo ninalolipendekeza ni hili: miimo miwili ya kusimama yenye urefu wa sentimita 90, na juu yake mbao tano za mlalo zenye urefu wa sentimita 60. Mbao za paleti huwa na upana wa sentimita 14 hivi, kwa hiyo ukiacha mwanya wa sentimita 4 kati ya moja na nyingine, zinaenea vizuri. Mianya ni muhimu kuliko mbao. Kulabu yoyote iliyokunjwa kwa waya inaweza kuning'inia popote kwenye mwanya, ukahamisha mfuko kutoka juu hadi chini bila kutoboa tundu jipya. Biashara hubadilika, na ubao uliogandishiwa kila kitu kwa misumari hupitwa na wakati ndani ya mwaka. Ubao mtupu wa namna hii una kilo 6 au 7.

Mifuko yenyewe ikate kwenye jinzi. Masoko ya mitumba ya Karume, Dar es Salaam, na Kongowea, Mombasa, yamejaa jinzi zisizovalika tena, zilizopasuka magoti au zilizokwama zipu, ambazo muuzaji huziachia kwa bei ya kutupa mwishoni mwa siku, ingawa nina hakika nyumbani kwako kuna moja isiyohitaji safari ya sokoni. Mfuko wa nyuma wa jinzi ni zawadi iliyokwisha kushonwa: umepigwa mishono miwili miwili, umetengenezwa ili ukaliwe. Haupokei A4 iliyonyooka, ila A4 iliyokunjwa sehemu tatu ina upana wa sentimita 10 tu na inasimama humo vizuri, pamoja na risiti, kalamu, mkasi na chaja ya simu. Kata mfuko pamoja na kitambaa kilicho nyuma yake, acha sentimita 3 juu kwa ajili ya kupitishia kijiti au waya.

Kwa A4 tumia mguu wa suruali. Fumua mshono wa ndani, ulaze kitambaa, utapata upana unaotosha mfuko mmoja na mikunjo yake ya pembeni. Mpelekee fundi cherehani wa mtaani na umwambie atie sindano namba 16, maana nyembamba itavunjika kwenye pindo. Akushonee na kipande cha boksi gumu mgongoni, kikae kati ya vitambaa viwili, mfuko usipinde ukijaa. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwake, na ulipe kazi hiyo vizuri. Kinachofanya ubao huu uonekane wa heshima na si wa kubahatisha ni mishono iliyonyooka.

Asiyetaka nguo ana dumu. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 lina ubavu mpana unaopokea A4 bila kuikunja. Ukate ubavu huo pamoja na sentimita 5 za kingo zake za kushoto, kulia na chini, uache juu wazi. Geuza uso wake mbele, piga skurubu mbili, na mfuko uko tayari. Lioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, kwa sababu harufu ya mafuta ikibaki utawaita mende waje kula gundi ya bahasha zako. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu au tindikali ya betri lisiingie nyumbani kwa kazi yoyote ile.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho sioni kikisemwa sana, ni kile kichanja cha waya cha ndani ya friji bovu. Nenda kwa mafundi friji wa mtaani kwako, utavikuta vimerundikwa vikisubiri kupimwa kilo kama chuma chakavu. Kina waya imara, kimepakwa kisipate kutu, kinapitisha hewa, na kinatundikwa kwa misumari miwili bila kukata wala kuchomelea chochote. Mtu asiye na msumeno, asiye na fundi na asiye na muda anaweza kuishia hapo: kichanja kimoja, kulabu kumi za waya wa henga, mifuko mitatu ya jinzi, basi.

Pia kuna madirisha ya luva ya mbao yanayotolewa watu wanapoweka aluminiamu. Vile vipande vyake vilivyolala kwa mshazari vinapokea barua na bahasha kana kwamba vilitengenezwa kwa kazi hiyo. Tahadhari yake ni rangi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto wadogo. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa, fanyia nje, au ipake vanishi juu yake uiache ilivyo. Na ninaomba jambo moja kwa ndugu zangu wa Unguja na Mombasa: dirisha zima la nyumba ya kale libaki kwenye nyumba yake. Tutumie yale yaliyokwisha kung'olewa.

Kosa la kawaida ni kutengeneza mifuko yote sawasawa, mitatu kwa mitatu, ipendeze kwenye picha. Mwaka 1969 mbunifu wa Kijerumani, Dorothee Becker, alitoa kitu kiitwacho Uten.Silo, bamba moja la plastiki la kutundika ukutani lililojaa vikombe, mifuko na kulabu za ukubwa tofauti tofauti. Kampuni ya Vitra inakitengeneza hadi leo, na bei yake ni ya kumfanya mtu wa kawaida arudi mlangoni. Lakini wazo lake ni la bure: vitu vya mezani havilingani, basi na makao yake yasilingane. Kopo la maziwa ya unga kwa kalamu, kopo la nyanya kwa klipu, mfuko mrefu kwa rula, mfuko mfupi kwa muhuri na wino wake. Kingo za kopo zipigwe kwa nyundo zilale ndani, zisije zikakata mtu.

Kutundika ndiko kunakohitaji pesa kidogo, na hapo usibane. Ubao wa kilo 7 wenye karatasi na vikorokoro vya kilo 5 ni kilo 12 juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Kwenye ukuta wa tofali za saruji, toboa kwa drili ya zege matundu manne ya milimita 8, ingiza vile vichomeko vya plastiki ambavyo mafundi huviita fisha, kwa jina la Mjerumani Artur Fischer aliyevibuni mwaka 1958, kisha kaza skurubu. Msumari wa kawaida ukipigwa kwenye lipu ya mchanga mwingi hushika leo na kuachia kesho. Ukuta wa jipsamu hauna nguvu ya kubeba mzigo huu isipokuwa skurubu zimefika kwenye fremu iliyo nyuma yake; ugonge kwa kidole, penye sauti nzito ndipo penye fremu.

Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, kwani nyaya mara nyingi hupita humo. Usitoboe nyuma ya bafu bila kujua bomba linapopita. Ukingo wa chini wa ubao uwe sentimita 30 au 40 juu ya meza, ili mkono ufike umeketi na kompyuta ifunguke bila kugonga kopo. Tumia pimamaji, ubao uliopinda kidogo utakusumbua kila siku.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Wengi hukubali wakiahidiwa kwamba matundu yatazibwa siku ya kuhama, na kuziba matundu manne kwa saruji nyeupe ni kazi ya nusu saa. Asiyekubaliwa ana njia nyingine: kichanja cha friji kinaning'inia kwenye nondo za dirisha bila kugusa ukuta, na ubao wa paleti ukiongezewa miguu unasimama wenyewe nyuma ya meza, ukiwa umeegemea.

Kwa wakazi wa pwani, unyevu ni adui wa kweli. Wakati wa masika ukuta wa nje hutoa jasho, na karatasi iliyoubana hupata koga. Ile miimo miwili ya nyuma huacha nafasi ya sentimita mbili hewa ipite. Usiizibe kwa boksi wala kitambaa. Chagua ukuta wa ndani kama unao. Chagua pia ukuta usiopigwa na jua la mchana, kwa sababu ya risiti.

Risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD) huchapwa kwenye karatasi isiyotumia wino; ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Joto hilo hilo na mwanga ndivyo vinavyoifuta au kuiharibu, na hata kitakasa mikono kikiigusa maandishi yanaweza kupotea. Nimeona risiti za gharama kubwa zikiwa karatasi nyeupe tupu, na mwenye nazo akizishika kwa mikono miwili asiamini. Sheria za kodi za Tanzania na za Kenya zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Risiti hiyo haitafika. Basi siku inapoingia ipige picha au itoe nakala, uandike tarehe nyuma, ndipo uitie kwenye mfuko wa mwezi. Mwezi ukiisha, mfuko wote unamwagwa kwenye bahasha moja, bahasha inaandikwa mwezi na mwaka, na inaingia kwenye boksi lililobeba rimu tano za karatasi, lile ambalo maduka ya vifaa vya ofisi hulitupa kila wiki. Bahasha 12 za mwaka zinaenea humo, na boksi linaingia chini ya kitanda, safari hii likiwa na jina.

Kazi ya kuumwaga ukuta inataka siku yake. Chagua jioni moja ya wiki, Jumapili inafaa, uondoe kilichotimizwa, usogeze kilichobaki. Mfuko wa "wiki hii" ukiwa umejaa hadi karatasi zinainama mbele, usishone mfuko mkubwa zaidi. Kuna maamuzi unayoyakwepa, nayo yako humo ndani.

Na usiufanye ubao uwe wako peke yako. Mfuko mmoja wa jinzi ushushe chini, pembeni ya meza, sentimita 80 kutoka sakafuni, uandike jina la mtoto. Barua ya kikao cha wazazi, ripoti ya muhula, fomu ya safari ya shule: aziweke mwenyewe akivua sare. Mtoto wa darasa la pili analiweza hilo bila kukumbushwa, kama tu mfuko unafikiwa na mkono wake na kama mzazi anautazama kila siku kabla ya chakula cha jioni.